Shajara ya mradi: mwani wa ndani ya matumbawe na joto, Nyali hadi Kanamai

Oktoba: swali na mahali

Mradi huu unafuata matumbawe yale yale, yaliyowekwa alama, tangu kaskazi inapoanza kuvuma hadi kusi inaposhika. Kila tumbawe linapimwa mambo matatu kwa pamoja: aina ya mwani uliomo ndani yake, wingi wa mwani huo, na joto lililolipata. Kazi nyingi hupima moja au mawili kati ya hayo. La tatu likikosekana, hitimisho hupinda.

Kwa asiyezoea mambo haya: ndani ya seli za tumbawe huishi mwani wa seli moja, upana wake mikromita 8 hadi 12 hivi. Tumbawe lenye afya huwa na seli milioni moja hadi mbili kwa kila sentimita ya mraba, na sukari inayotengenezwa humo hulipa tumbawe sehemu kubwa ya nishati yake. Joto likizidi na jua likiwa kali, mtambo wa usanisinuru wa mwani huharibika na kumwaga kemikali za oksijeni zenye sumu, ikiwemo peroksidi ya haidrojeni. Tumbawe hujiokoa kwa kuutema mwani. Hapo ndipo hupauka: liko hai, lakini lina njaa.

Zamani mwani huu uliitwa kwa herufi, A, B, C na kuendelea. Mwaka 2018 Todd LaJeunesse na wenzake waliugawa katika jenasi zenye majina kamili. Zinazotuhusu zaidi Mombasa ni mbili, Cladocopium (C ya zamani) na Durusdinium (D ya zamani). D ndiyo inayosifiwa kwa kuvumilia joto. Mwaka 2006 Ray Berkelmans na Madeleine van Oppen walionyesha kwamba Acropora millepora (aina ya tumbawe la matawi) wa Australia waliohama kutoka C kwenda D walipata uvumilivu wa ziada wa nyuzi 1 hadi 1.5. Gharama yake ilikuwa imeshajulikana: mwaka 2004, matumbawe machanga yenye C yalionekana kukua mara mbili hadi tatu haraka kuliko yenye D. Mwaka huo huo Andrew Baker na wenzake, ambao sampuli zao zilitoka pia Kenya baada ya kupauka kukubwa kwa 1998, waliripoti kwamba D imezagaa zaidi kwenye miamba iliyopigwa sana na joto.

Maeneo yetu ni mawili. La kwanza ni mbele ya Nyali, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa 1986. La pili ni Kanamai, kaskazini mwa Mtwapa, ambako maji ya ndani ya mwamba ni kidimbwi kifupi kinachochemka kila bamvua. Pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, yaani kidimbwi hujitenga na bahari wakati jua linapanda. Ukitaka kuona joto la masafa mapana kwa umbali mfupi wa gari, hakuna pazuri kuliko hapo.

Vibali: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), ruhusa ya KWS (shirika la wanyamapori) ya kukata ndani ya hifadhi, na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa sababu DNA ni rasilimali ya kijenetiki. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kipande kikitoka nchini kinahitaji karatasi zaidi. Tumeamua kila kinachoweza kufanyika Mombasa kifanyike Mombasa.

Oktoba, mwisho wa mwezi: alama

Aina tatu za matumbawe zimechaguliwa kwa makusudi. Acropora huchota mwani wake kutoka majini kila kizazi. Pocillopora humrithisha yai mwani wa mama. Porites lutea, yale majabali ya mviringo, humrithisha yai vilevile, na kwa kawaida hubeba Cladocopium wa kundi linaloitwa C15. Huyu wa tatu ni dawa ya kutia watu akili: ni C, na bado Porites husimama imara pale Acropora na Pocillopora wanapokuwa weupe pe. Anayesema "C ni dhaifu, D ni shujaa" hajaangalia Porites.

Vibao vya namba vinapigiliwa kwenye mwamba mfu kando ya tumbawe, kamwe si juu ya nyama hai. Kibao cha alumini kisifungwe kwa waya wa chuma. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa kwanza na namba inapotea kabla ya msimu kuisha. Tunatumia vibao vya plastiki ngumu vilivyochongwa namba kwa patasi ya moto, na misumari isiyoshika kutu. Picha ya kila tumbawe inapigwa kutoka juu na kutoka ubavuni, rula ikiwa kwenye fremu, pamoja na kadi ya rangi ya CoralWatch yenye daraja 1 hadi 6. Tumbawe likishuka daraja mbili kwenye kadi, mwani umepungua kwa kiasi cha kuhesabika.

Novemba: virekodi joto

Kila kirekodi kinajaribiwa kabla ya kuzamishwa. Kwanza kwenye ndoo ya barafu iliyosagwa na maji, ikikorogwa mpaka itulie kwenye nyuzi 0, kisha kwenye maji ya nyuzi 30 pembeni ya kipimajoto cha kuaminika. Tofauti inaandikwa kwenye daftari kwa namba ya kirekodi. Hatua hii hairukwi. Kirekodi cha bei ya chini kinaweza kupotoka nusu nyuzi, na nusu nyuzi kwenye hesabu ya kupauka ni jambo kubwa.

Kinachofuata kuharibu data ni jua. Kwenye kina cha mita moja, kirekodi chenye ganda jeusi hupata joto kutoka kwenye mwanga wenyewe na kusoma zaidi ya maji yanayokizunguka. Kinawekwa ndani ya kipande cha paipu nyeupe ya PVC chenye matundu, kikifungwa kwenye nondo iliyosimikwa ndani ya ndoo ya saruji. Kipimo ni kila dakika 15. Ukipima kila saa, kilele cha joto cha maji kupwa kinaweza kukuponyoka. Paipu husuguliwa kila bamvua, la sivyo chaza na majani huziba matundu na maji ya ndani huacha kubadilika. Wavuvi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) wameonyeshwa nondo zilipo, maana nyavu zikinasa, kirekodi na wavu vyote vinapotea.

Hesabu ya mkazo wa joto inafuata njia ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga. Unachukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, kisha kila wiki unaangalia joto limepita wastani huo kwa kiasi gani. Kilicho chini ya nyuzi 1 hakihesabiwi. Kilichobaki kinajumlishwa kwa wiki 12. Mfano: kama wastani wa juu ni 29.0 na wiki nne zimesoma 30.2, 30.5, 29.8 na 30.4, basi unajumlisha 1.2 + 1.5 + 0 + 1.4 = 4.1. Ikifika 4 tarajia kupauka kwa kuonekana. Ikifika 8 tarajia vifo.

Mtego uko hapa: wastani huo umetokana na setilaiti, ambayo husoma joto la usiku kwa mraba wa kilomita 5. Kirekodi kiko ndani ya kidimbwi mchana na usiku. Ukitoa wastani wa setilaiti kwenye namba za kirekodi bila kurekebisha, Kanamai itaonekana iko hatarini kila mwaka. Tunalinganisha viwili hivyo kwa miezi ya baridi, kwa saa za usiku tu, tunapata tofauti ya kudumu, kisha tunaiondoa.

Januari: kukata

Kipande kimoja cha sentimita ya mraba moja au mbili kinatosha DNA. Kwa kuhesabu mwani tunachukua tawi la urefu wa sentimita tatu hivi. Matawi yanakatwa kwa koleo la kukatia mifupa, Porites kwa nyundo na tindo ndogo. Mahali pa kukata hapabadiliki: upande wa juu unaopigwa na jua, mbali na ukingo unaokua. Tumbawe moja linaweza kubeba mwani tofauti juu na kwenye kivuli cha ubavuni. Ukikata juu Januari na ubavuni Aprili, utaripoti mabadiliko ambayo hayakutokea. Koleo linasuuzwa kwa klorini iliyopunguzwa na kisha maji safi kati ya tumbawe na tumbawe.

Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fukwe zake, hivyo sampuli zinaingia chupa za skrubu zinazooshwa na kurudiwa. Chupa ya DNA ina ethanoli ya asilimia 95, ujazo angalau mara kumi ya kipande, na ethanoli hiyo inabadilishwa kesho yake. Ute na maji ya bahari huipunguza nguvu, na DNA iliyokaa kwenye ethanoli dhaifu kwa joto la Mombasa huanza kukatika.

Mbadala wa ethanoli ni dawa ya chumvi na DMSO (kiyeyushi cha kemikali), isiyoshika moto na isiyohitaji friji. Kwa lita moja: pima gramu 93 za EDTA (unga unaofunga metali na kulinda DNA) yenye sodiamu mbili (hiyo ni molari 0.25), tia kwenye mililita 600 za maji, ongeza sodiamu haidroksidi kidogo kidogo mpaka pH ifike 8.0. EDTA haitayeyuka kabla pH haijakaribia hapo, hata ukoroge hadi jioni, na wengi hudhani unga wao ni mbovu. Kisha mililita 200 za DMSO, jaza maji hadi lita, na tia chumvi safi ya maabara mpaka ibaki chini bila kuyeyuka.

Lebo ni karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli na kutiwa ndani ya chupa. Ethanoli hufuta wino wa kalamu nyingi za nje.

Februari: kuhesabu

Nyama inaondolewa mfupani kwa kipulizia rangi kinachotumia hewa, kikijazwa maji ya bahari yaliyochujwa, ndani ya chombo kipana ili matone yasipotee. Mswaki ni wa kuepukwa: huacha nusu ya mwani kwenye vijishimo vya mifupa. Uji unaopatikana unasagwa kwa kinu cha mkono, unazungushwa kwenye sentrifuji, maji ya juu yenye mafuta na ute yanamwagwa, na mwani uliotulia chini unachanganywa upya kwa ujazo unaojulikana.

Kuhesabu ni kwa kioo cha Neubauer, kilichochorwa miraba ya kuhesabia seli chini ya hadubini. Kila mraba wa milimita moja una ujazo wa sehemu moja ya 10,000 ya mililita. Mfano: wastani wa seli 60 kwa mraba ni seli 600,000 kwa mililita, kama uji wote ni mililita 20, hiyo ni milioni 12, kama kipande kilikuwa sentimita za mraba 8, jibu ni milioni 1.5 kwa sentimita ya mraba. Seli zikiwa zimeshikana mabonge, usikisie. Rudisha kwenye kinu, ongeza tone la sabuni ya maabara, hesabu tena.

Eneo la tawi linapatikana kwa nta. Mfupa uliokauka unachovywa kwenye nta ya nyuzi 65, unapimwa uzito, unachovywa mara ya pili, unapimwa tena. Tofauti ya uzito inalinganishwa na ya vipande vya mti vya mviringo ambavyo eneo lake limekokotolewa kwa rula. Mchovyo wa kwanza hauhesabiwi kwa sababu nta huingia kwenye vitundu vya mfupa. Nta ikipoa chini ya 60 hushika nene na eneo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Kwa Porites, karatasi ya alumini iliyofinyangwa juu ya kipande na kupimwa uzito inatosha.

Klorofili: asetoni safi, saa 24 gizani kwenye friji, kisha usomaji wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 630, 663 na 750. Toa usomaji wa 750 kutoka kwa hizo mbili, halafu klorofili a kwa mikrogramu kwa mililita ni 11.43 × usomaji wa 663, toa 0.64 × usomaji wa 630. Fomyula hii ni ya asetoni asilimia 100. Asetoni ya asilimia 90 ina namba zake.

Machi: DNA

Ute wa tumbawe una sukari ndefu zinazokwamisha PCR, yaani kuzidisha nakala za DNA. Ikiwa jeli, ambamo DNA hutenganishwa kwa urefu, haina mkanda wowote, usikimbilie kuongeza DNA. Punguza mara 10, kisha mara 50. Mara nyingi mkanda hutokea. Kuosha kwa CTAB (sabuni ya maabara inayoondoa sukari hizo) na klorofomu husaidia pia.

Njia ya bei nafuu ni kukuza kipande cha jeni ya ribosomu na kukikata kwa kimeng'enya TaqI kwenye nyuzi 65. C na D hutoa mikanda ya urefu tofauti. Tahadhari kubwa: kimeng'enya kikichoka au muda ukiwa mfupi, sehemu ya DNA hubaki haijakatwa, na jeli itaonekana kana kwamba tumbawe lina aina mbili. Kila jeli lazima iwe na sampuli ya C tupu na ya D tupu zilizokatwa pamoja na nyingine.

Udhaifu wa pili hauna dawa kwenye jeli: aina iliyo chini ya asilimia 5 hadi 10 haionekani. Na hiyo aina iliyojificha ndiyo mbegu ya mabadiliko joto likija. Kwa hiyo jeli ni ya kuchuja tu. Uwiano wa C na D unapimwa kwa qPCR, ile PCR inayohesabu nakala. Hapo nako kuna pa kujikwaa, kwa sababu seli moja ya C na seli moja ya D hazina nakala sawa za jeni inayopimwa. Lazima uhesabu seli za kila aina kwenye kioo, utoe DNA yake, na upate kigawanyo, la sivyo asilimia zako ni za nakala za jeni na si za seli.

Aprili: matangi ya joto

Matangi manne ya lita 40, yamewekwa kwenye nyuzi 29, 32, 35 na 38. Kila tumbawe limetoa vipande vinne, kimoja kila tangi. Ratiba ni ya saa 18: joto linapanda kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, linakaa hapo hadi saa moja usiku, linashuka kwa saa moja, kisha vipande vinalala kwenye 29 hadi saa moja asubuhi.

Hita ngapi? Lita 40 × kilojuli 4 × nyuzi 9 ni kilojuli 1,440. Gawa kwa sekunde 10,800 upate wati 133, bila kuhesabu joto linalopotea juu na ubavuni. Hita ya wati 300 inatosha, ukifunika tangi kwa povu. Kushusha ndiko kugumu, maana kilojuli zile zile zinatakiwa kuondoka kwa saa moja. Bila mashine ya kupoza, unatumia chupa za barafu zilizofungwa, kilo tatu hivi kwa tangi la 38, zikizungushwa mbele ya pampu. Barafu isiyeyukie ndani ya tangi: kilo tatu kwenye lita 40 hushusha chumvi kutoka gramu 35 kwa kilo hadi chini ya 33, na hapo huwezi tena kujua tumbawe limeumizwa na joto au na maji matamu.

Kidhibiti joto cha bei rahisi huwasha na kuzima kwa pengo la nyuzi nzima. Chagua kinachokubali pengo la 0.3. Vipande vining'inizwe kwa mshipi mbali na hita. Umeme ukikatika wakati joto limekaa juu na ukachelewa zaidi ya dakika 15, jaribio lifutwe. Pampu za hewa ziwe na betri yake. Na waya zote zipite kwenye kikata umeme kinachohisi uvujaji. Hapa pana maji ya chumvi na mikono iliyolowa.

Kipimo kikuu ni ufanisi wa usanisinuru, kwa kifaa cha PAM kinachosoma mwanga unaorudishwa na klorofili, baada ya dakika 30 za giza. Mwani wenye afya husoma 0.6 hadi 0.7. Kwa matangi manne unachora mkunjo na kutafuta joto ambalo usomaji umeshuka nusu. Usiuamini usomaji wa tangi moja: D huweza kusoma chini kidogo ya C kwenye joto la kawaida, kisha ikashikilia pale C inapoanguka.

Juni: kanuni za kusoma namba

Kusi imetulia, maji yamepoa, na kabla ya kufungua majedwali tumekubaliana namna ya kuyasoma.

Asilimia peke yake haisomwi. Chukua tumbawe lenye seli milioni 1.5 kwa sentimita ya mraba, D ikiwa asilimia 5: hiyo ni seli 75,000 za D. Baada ya joto limebaki na seli 100,000, na D ni asilimia 60: seli 60,000. Kwenye grafu ya asilimia D imepanda mara kumi na mbili. Majini imepungua. Kilichotokea ni kwamba C imetemwa zaidi. Miezi baadaye tumbawe hilo hilo likiwa na milioni 1.2 na D asilimia 80, hapo ndipo D imejaza nyumba, na ndipo tunaandika kwamba limehama.

Kwa mwamba mzima kuna udanganyifu mwingine. Matumbawe yenye C yakifa, sehemu ya yenye D kati ya yaliyobaki hupanda bila hata tumbawe moja kubadilika. Vibao vya Oktoba viliwekwa kwa ajili hiyo: tumbawe lililokufa linabaki kwenye jedwali, kama sifuri.

Msimu nao una lake. Wingi wa mwani hushuka kiangazi na kupanda maji yakipoa, hata mwaka usio na kupauka. Machi inalinganishwa na Machi.

Kumekuja ombi la kupandikiza vipande vyenye D kwenye vitalu vya matumbawe. Kwa sasa jibu ni hapana. D inayopatikana baada ya joto si ya kudumu lazima: kwenye matumbawe ya Orbicella ya Florida ilitawala baada ya kupauka kwa 1997 na 1998, kisha ikapungua miaka iliyofuata. Kipande kinachokua polepole kitafunikwa na majani ya baharini kabla hakijafaa kitu, hasa karibu na mlango wa Tudor ambako maji machafu huleta naitrojeni. Naitrojeni nyingi bila fosfati ya kutosha hupunguza pia uvumilivu wa joto, aina ya mwani iwe ipi. Kitalu kikitaka kufanya jambo la maana, kichukue vipande kutoka kwa wazazi wengi, kiandike mzazi wa kila kipande, na kitoe sampuli mara mbili kwa mwaka.

Agosti: kinachofuata

Sampuli za maji baridi zinakatwa bamvua hii, kwa mpangilio ule ule wa Januari. Virekodi vinatolewa, vinasomwa, vinarudishwa kwenye ndoo ya barafu kuona kama vimepotoka tangu Novemba. Kilichopotoka zaidi ya 0.2 kinasahihishwa kwa mstari kati ya tarehe mbili, na kilichozidi 0.5 kinaondolewa. Pocillopora wa Kanamai ndio wa kwanza kwenye qPCR. Kila chupa inagawanywa mara mbili, nusu moja inabaki kwenye DMSO bila kuguswa.